Utaratibu wa Kuiokoa Kompyuta ya Nyumbani Inayoshukiwa Kuwa na Virusi

Walimu wengi siku hizi huhifadhi katika kompyuta zao za nyumbani maandalio ya masomo, mitihani na alama za wanafunzi. Kompyuta hiyo ikiingiwa na programu haribifu, ambazo kwa kawaida huitwa virusi, kinachohatarishwa si mali ya mwalimu peke yake, bali pia kumbukumbu za watoto aliokabidhiwa. Kwa hiyo yampasa mwanachuo ajue hatua za kufuata, na zaidi ya hayo, sababu ya kila hatua kuwekwa mahali pake.

Kwanza tutazame dalili. Matangazo hujitokeza yenyewe. Programu ya kinga hukataa kufunguka. Au mafaili hubadilika majina yasisomeke tena. Uzito wa kompyuta peke yake si ushahidi, kwani hata kompyuta kuukuu huwa nzito.

Hatua ya kwanza ni kuitenga. Kata intaneti na uchomoe flashi zote. Programu haribifu nyingi hupokea amri na kupeleka siri nje kwa njia ya intaneti, na nyingine huhamia kompyuta za jirani kwa flashi.

Hatua ya pili ni kubadili maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo itumikayo kurejeshea maneno ya siri ya huduma nyingine. Zipo programu zinazonakili kila kitufe kinachobonyezwa. Hivyo anayebadili neno la siri katika kompyuta yenye virusi huenda akamkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Hatua ya tatu ni uchunguzi. Kinga inayofanya kazi ndani ya mfumo ulioharibiwa yaweza kudanganywa. Ni afadhali kuchunguza kabla mfumo haujaanza kazi, kama ifanyavyo Microsoft Defender Offline katika Windows.

Hatua ya nne hufuata iwapo shaka ingalipo. Nakili nyaraka na picha tu, wala si programu. Kisha futa diski yote, weka mfumo upya kutokana na nakala halali iliyotayarishwa katika kompyuta safi, uweke na masahihisho yake yote. Mwisho rejesha nyaraka, baada ya kuzichunguza.

Umuhimu wa masahihisho ulidhihirika Mei 2017, wakati WannaCry ilipofunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sahihisho la kasoro hiyo mwezi Machi mwaka huo huo. Waliokuwa na nakala zilizohifadhiwa kando hawakulazimika kulipa ili kupata kazi zao.

Je, somo hili lifundishweje? Andika hatua hizi katika kadi, uzichanganye, kisha vikundi vizipange na kutetea mpangilio wao. Uliza: "Tukibadili neno la siri kabla ya kutafuta kifaa salama, kutatokea nini?" Zoezi hili halihitaji hata kompyuta moja darasani. Mwanafunzi aliyeelewa sababu ataweza kuupanga upya utaratibu huu hata akiwa amesahau orodha.

Nakala ya alama za wanafunzi na iwekwe katika diski ya pekee, isiyoachwa imechomekwa. Kazi hiyo hufanywa kabla ya maradhi, si baada yake.