Msomi wa Viumbe vya Majini na Kidimbwi cha Likuyani

Likuyani ni nchi ya mahindi. Eneo hili liko kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, likipakana na Trans Nzoia na Uasin Gishu, na mengi ya mashamba yake yalitokana na mipango ya makazi ya miaka ya 1960, wakati ardhi iliyokuwa ya walowezi ilipogawiwa wakulima Waafrika. Bahari iko mbali mno. Hata Ziwa Viktoria haliko karibu. Kinacholiunganisha eneo hili na ziwa hilo ni mto Nzoia tu. Kwa hiyo kijana wa Likuyani akitangaza kwamba anataka kuwa mhadhiri wa biolojia ya bahari na ufugaji wa samaki, yamkini atachekwa. Makala haya yanakusudia kueleza njia ambayo taaluma hiyo hupitia, kazi inayofanywa na wasomi wake, na sababu ya taaluma yenyewe kuwahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wengi wao wanavyodhani.

Njia yenyewe haianzii pwani. Ukifuata barabara itokayo Kitale, ikapita Matunda na Soy, utafika Eldoret, na nje kidogo ya mji huo ndiko iliko Chepkoilel. Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Moi kilipokuwa na idara ya uvuvi na sayansi za majini, pamoja na vidimbwi vya kufundishia. Kampasi hiyo ilipewa hati yake mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kwa miaka 4, kisha uzamili na uzamifu. Anayevutiwa na maji ya chumvi aweza kuelekea Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, au kufanya utafiti wake chini ya taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoundwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mombasa. Taasisi hiyo ilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika mwaka 1977. Kabla ya hapo, utafiti wa bahari wa nchi zote 3 ulisimamiwa kutoka Zanzibar, na ule wa maji baridi kutoka Jinja.

Lakini je, msomi huyu hufanya nini hasa baada ya kuvaa joho? Anafundisha, anasahihisha mitihani, anasimamia tasnifu, anaandika makala. Hayo anashirikiana na wahadhiri wote. Linalomtenga nao ni kwamba maabara yake huwa na matope.

Chukua mfano wa samaki wanaokutwa alfajiri wakihemea juu ya maji. Mfugaji mgeni hudhani wamelishwa sumu na jirani. Ukweli ni kwamba rangi ya kijani ya maji hutokana na mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mchana, mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na katika kufanya hivyo huongeza oksijeni majini. Usiku hakuna mwanga. Mimea, samaki na vijidudu vinavyoozesha samadi huvuta oksijeni ile ile, wala hakuna anayeirudisha. Kabla ya jua kuchomoza ndipo hubakia kidogo kabisa. Mwenye kutia samadi nyingi kwa tamaa ya kuwanenepesha samaki wake ndiye huwaua. Mtafiti hulazimika kuamka usiku wa manane, achote maji, apime, aandike, na arudie zoezi hilo kwa majuma mengi kabla ya kuthubutu kutoa ushauri.

Mfano wa pili ni wa perege. Samaki huyu hupevuka angali na miezi michache tu, akaanza kuzaa humo humo kidimbwini. Baada ya muda mfupi kidimbwi hujaa vijisamaki vinavyong'ang'ania chakula kimoja, na hakuna anayefikia ukubwa wa kuuzika. Wataalamu wamelikabili tatizo hili kwa njia mbalimbali: kuwachagua madume kwa mkono, kuwalisha vifaranga homoni katika majuma yao ya kwanza ili karibu wote wawe madume, au kumtia kambare awale watoto wa perege. Kambare naye ana shida iliyo kinyume: kidimbwini hazai kwa hiari yake. Jike hudungwa homoni, au maji ya tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki mwingine, ndipo akamuliwe mayai. Juu ya yote hayo, nyanda za juu kama za Likuyani zina usiku wa baridi, nayo perege hukua polepole maji yanapopoa.

Maarifa haya yalihitajika kwa ghafla mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi. Sehemu ya uvuvi ya mpango huo ilikusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita 300 za mraba. Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, ambamo Likuyani ilikuwamo, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyolengwa. Wakulima waliozoea jembe na ng'ombe walipewa vifaranga na chakula cha samaki. Ruzuku ilipokoma, vidimbwi vingi nchini vilitelekezwa. Wengi hulaumu bei ya chakula, na lawama hiyo ina haki yake, kwa kuwa chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi. Mwongozo mpya wa ufugaji wa samaki nchini Kenya, ulioandaliwa na Charles Ngugi wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na James Bowman na Bethuel Omolo, ulikuwa umekwisha kutoka mwaka 2007. Ni kazi safi, yenye maelezo ya kila hatua. Ila umeandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoitwa shahidi. Lugha hii, kwa asili yake ya mwambao, ni tajiri mno wa msamiati wa bahari: changu, tafi, kolekole, bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi. Utajiri huo haukuvuka hadi kidimbwini. Maneno ya ufugaji wa samaki yameazimwa kutoka zizini na bandani: samaki "hufugwa" kama mbuzi, na watoto wao huitwa "vifaranga" kana kwamba wana mbawa. Sitiari hizo zimefaulu, kwani mfugaji wa kuku huzielewa papo hapo. Majina ya samaki wenyewe ndiyo yenye utata: aitwaye perege katika kamusi ni sato kwa Mtanzania wa kanda ya ziwa, na ngege kwa mnunuzi wa Kisumu. Serikali ya Tanzania nayo imeamua kusema "ukuzaji viumbe maji", istilahi pana inayowakumbatia kaa na mwani, ingawa mkulima wa Likuyani hataitamka bila kusita.

Mwani hasa ni mfano wa kufaa. Mtanzania Keto Mshigeni alijipatia uzamifu wake Chuo Kikuu cha Hawaii kwa utafiti wa mwani, akarejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuufundisha na kuupigia debe. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wanawake wa Paje na vijiji jirani hawakuhitaji kufundishwa jina la kiumbe kile. Walikijua tangu utotoni.

Likuyani hakuna bahati hiyo. Baadhi ya wanasayansi hutumia neno "mwani" hata kwa ile rangi ya kijani ya kidimbwini. Afisa wa uvuvi, ambaye tangu ugatuzi wa 2013 ni mtumishi wa kaunti, akimwambia mkulima apunguze mwani, mkulima aliyewahi kuuona mwani Mombasa ataingia majini kutafuta majani marefu, asiyaone. Akiambiwa "ukijani wa maji", atatia mkono hadi kwenye kiwiko, na vidole vikipotea machoni kabla mkono haujazama hivyo, atajua kwamba samadi imezidi.