Herufi Zilizozama Mtoni: Nyumba ya Emery Walker na Sanaa ya Uchapaji

Mhakiki wa fasihi amezoea kuuliza nani anasema, anasema nini na anasema vipi. Ni nadra aulize ni nani aliyesanifu maumbo ya herufi zinazombebea kauli hiyo. Ilhali herufi nayo ni kazi ya mkono wa binadamu, na ina historia, wamiliki na hata migogoro yake. Makala haya yanaangazia jumba dogo la makumbusho jijini London ambamo swali hilo haliepukiki.

Jumba hilo ni nyumba nambari 7, Hammersmith Terrace. Limo katika safu ya nyumba zilizojengwa kando ya mto Thames katika miaka ya 1750. Emery Walker, mchapaji na mtaalamu wa herufi, aliishi humo kuanzia 1903 hadi alipofariki mwaka 1933. Bintiye, Dorothy, aliitunza nyumba ilivyokuwa hadi kifo chake mwaka 1963. Wageni huingizwa katika vikundi vidogo vinavyoongozwa, kwa kuwa vyumba ni vyembamba na vifaa ni dhaifu. Humo mna karatasi za ukutani zilizosanifiwa na William Morris, fanicha zilizokuwa za msanifu majengo Philip Webb, na hata miwani ya Morris mwenyewe. Dirisha la nyuma linatazama bustani, na ng'ambo ya bustani ni mto.

Umuhimu wa Walker unatokana na mhadhara alioutoa tarehe 15 Novemba 1888. Alitumia taa ya kuonyeshea picha ukutani, akazikuza herufi za vitabu vya kale ili hadhira ione uzuri wake. Morris alikuwamo ukumbini. Mhadhara huo ulimchochea kubuni herufi zake mwenyewe, na mwaka 1891 akaanzisha Matbaa ya Kelmscott.

Mwaka 1900, Walker naye alishirikiana na T. J. Cobden-Sanderson kuanzisha Matbaa ya Doves. Herufi zao ziliigiza zile za Nicolas Jenson, aliyechapisha vitabu mjini Venice katika miaka ya 1470. Ili kuelewa thamani yake, yafaa kukumbuka jinsi herufi zilivyotengenezwa enzi hizo. Mchongaji alichonga umbo kwenye ncha ya chuma, akaligongomea kwenye shaba ili apate kalibu, kisha madini ya risasi yaliyoyeyushwa yakamiminwa humo. Kazi ya uchongaji ilifanywa na Edward Prince. Kwa herufi hizo za ukubwa mmoja tu, matbaa ilichapisha Biblia ya juzuu 5 kati ya 1903 na 1905.

Hata hivyo, ushirika ulivunjika mwaka 1909. Ilikubaliwa kwamba Cobden-Sanderson azitumie herufi hadi kufa kwake, kisha zimwendee Walker. Yeye hakuwa tayari kuona herufi hizo zikiangukia mikono mingine, hasa ile ya mashine za biashara. Kati ya 1916 na 1917, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75, alizibeba kidogo kidogo usiku hadi Daraja la Hammersmith na kuzimwaga mtoni, zaidi ya tani moja ya madini. Alifariki mwaka 1922, na Walker akabaki kumdai mjane wake fidia mahakamani.

Mkasa huu una linganuzi lake papo hapo mtaani. Edward Johnston, aliyeichorea Biblia ile herufi zake kubwa za kufungulia, aliishi katika nyumba nambari 3 ya safu hiyo hiyo hadi 1912. Mwaka 1916, mwaka ule ule herufi za Doves zilipoanza kuzamishwa, herufi alizozisanifu Johnston zilianza kutumika katika reli za chini ya ardhi za London. Mmoja aliilinda herufi kwa kuiangamiza. Mwingine aliikabidhi kwa umma, naye msafiri asiyelijua jina lake huisoma kila siku.

Mto nao haukuficha siri milele. Mwaka 2014, msanifu Robert Green, aliyekuwa ameziunda upya herufi za Doves kwa kompyuta, alipata 150 kati ya zile za asili kwa msaada wa wapiga mbizi. Baadhi zimerudi kuhifadhiwa katika nyumba ya Walker.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kulijali suala hili. Fasihi yake iliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuingia katika kalibu za Kilatini. Edward Steere alipochapisha Swahili Tales jijini London mwaka 1870, ngano zilizosimuliwa kwa mdomo Zanzibar zilivishwa herufi zilizosanifiwa na watu wasioijua lugha yenyewe. Umbo hilo jipya liliamua nani angeweza kuzisoma na nani angeachwa nje.

Kwa hivyo, kuhakiki kitabu pasi na kuitazama herufi ni kumsikiliza manju bila kuitambua sauti yake. Herufi huishi inaposomwa. Aizuiaye kwa wengine, hata kwa mapenzi, huizamisha.