Figo mpya bila dawa za maisha: utafiti usiache Korogwe nyuma

Mgonjwa wa Handeni au Korogwe anayepandikizwa figo hurudi nyumbani na sharti moja zito: kumeza dawa kila siku, kwa saa ileile, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha, hata kama anajiona mzima, kinga ya mwili wake itaishambulia figo mpaka iharibike.

Huduma hii ilianza nchini Tanzania Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza ikishirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Safari ya kwenda nje kwa upasuaji imepungua. Mzigo wa dawa umebaki palepale.

Kwa nini mwili unakataa zawadi ya ndugu? Chembe zetu zina alama tunazorithi kwa wazazi, na chembe nyeupe ziitwazo chembe T huzikagua mchana na usiku. Zikikuta alama ngeni, hushambulia. Ndiyo maana upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, mjini Boston, Marekani, Desemba 1954, ulihusu mapacha wa kufanana.

Wengine wote huhitaji dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi. Ikipungua kwenye damu, figo hukataliwa. Ikizidi, huiumiza figo ileile inayolindwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha kiwango chake. Mgonjwa anahitaji vipimo vya mara kwa mara, huku kinga iliyoshushwa ikimweka karibu zaidi na maambukizi na baadhi ya saratani.

Kuifundisha kinga

Wanasayansi wanatafuta njia nyingine: kinga iizoee figo ngeni lakini iendelee kupambana na magonjwa. Hali hiyo huitwa ustahimilivu wa kinga. Mwaka 1953, Peter Medawar na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba panya aliyedungwa chembe za panya mwingine akiwa bado tumboni hukua akiipokea ngozi ya huyo mwenzake bila kuikataa.

Mwaka 2008, madaktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, walitoa taarifa ya wagonjwa watano waliopewa figo pamoja na uboho wa mfupa wa mtoaji yuleyule. Wazee wetu walichanjiana damu ili mgeni awe ndugu. Hapa uboho ulifanya kazi inayofanana na hiyo. Wanne waliweza kuacha dawa zote. Mmoja aliipoteza figo.

Njia nyingine hutumia chembe T zenye kazi ya kuzituliza chembe nyingine za kinga. Ugunduzi wa chembe hizo uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Kinga ina kumbukumbu

Panya wa maabara, wanaolelewa mbali na vimelea, hufundishwa ustahimilivu kwa urahisi. Binadamu ni wagumu zaidi. Kila ugonjwa tulioushinda huacha chembe T zenye kumbukumbu, na baadhi yake huweza kuidhania figo ngeni kuwa adui wa zamani. Minyoo nayo huchochea chembe za kutuliza kinga.

Mtu aliyekulia Korogwe, aliyepambana na malaria na pengine minyoo tangu utotoni, ana kinga iliyosomea shule tofauti na ya mkazi wa Boston. Matokeo ya kule hayawezi kuhamishiwa hapa bila kupimwa upya.

Korogwe imekwisha kuonyesha kwamba inaweza. Ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, chini ya watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ujuzi wa kuchukua sampuli, kulinda ridhaa ya washiriki na kuwafuatilia vijijini kwa miaka upo.

Kinachohitajika ni kuunganisha ujuzi huo na kliniki za Muhimbili na Dodoma, ili kinga ya waliopandikizwa ichunguzwe tangu kabla ya upasuaji. Hadi utafiti ukamilike, hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha dawa bila agizo la daktari wake. Tiba hiyo itakapokomaa, Mtanzania awe amehesabiwa tangu mwanzo, isije ikamfikia ikiwa imepimwa kwa miili ya wengine tu.