Safari za matanga Pwani: deni la kusi hulala Mukuyuni

Kaskazi inapotulia, kati ya Desemba na Machi, maembe ya Makueni nayo huwa sokoni. Ndiyo miezi ya katamarani na majahazi ya watalii kutweka matanga kuanzia Watamu hadi Wasini. Biashara hizi mbili zimefungamana kuliko takwimu za utalii zinavyoonyesha.

Mchuuzi mmoja wa Mukuyuni, huko Makueni, anayepeleka matunda Pwani ya kusini anasema soko lipo, ila hela hazionekani. Hutoa mali kauli. Mwenye chombo humwambia asubiri hoteli ilipe. Hoteli nayo yamsubiri wakala wa Ulaya. Mkulima amekwisha kulipwa taslimu shambani, na lori limetiwa mafuta. Mgeni anayerudi chomboni akitoka kutazama matumbawe ya Kisite huwekewa sahani ya maembe aliyoilipia kabla hajapanda ndege. Aliyeleta maembe hayo hupata chake kwa vipande, na kusi ikianza kuvuma bahari huchafuka, baadhi ya hoteli hufunga mwezi Mei, na deni hulala.

Afisa mmoja anayefuatilia sekta ya utalii anajibu kwa hesabu: wageni wapatao milioni 2.4 waliingia Kenya mwaka 2024. Hesabu hiyo hujumlisha hata waliokuja kwa mikutano na waliotembelea jamaa zao. Haisemi ni wangapi waliokanyaga sitaha, wala ni nani aliyelipwa kwa wakati.

Wenye vyombo nao wana mzigo wao. Katamarani haiyumbi sana na hupita kwenye maji machache ya ndani ya miamba, kwa kanuni ileile inayoisimamisha ngalawa kwa mirengu yake miwili. Lakini jahazi hutiwa kalafati na fundi wa kijijini. Katamarani ya faiba hutegemea vipuri vya nje, na miezi ya kusi gharama haisimami. Anayebanwa kwanza ni yule asiye na mkataba.

Abiria wa treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza mwaka 2017 na kupitia Makueni, huenda wakaleta afueni, maana Mkenya hulipa papo hapo. Hata hivyo wengi wao huishia ufukweni. Bila malipo ya awali kwa wauza matunda, msimu mzuri wa matanga unaweza kupita na Mukuyuni ikabaki inadai.