Ufumaji wa sweta: Faida hupatikana kabla ya kitanzi cha kwanza

ASUBUHI katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet huanza kwa ukungu, na mara nyingi alasiri hufika na mvua, hata mvua ya mawe. Huko sweta si pambo. Mtoto huivaa kwenda shuleni karibu mwaka mzima. Hivyo basi, mfumaji hakosi wateja. Hata hivyo, si ajabu kuikuta mashine ya kufuma iliyonunuliwa kwa bonasi ya chai ikiwa imefunikwa gunia pembeni mwa nyumba.

Suala la jinsi ya kuifanya kazi hii ilipe limekuwa zito zaidi tangu mashine za kuchuna majani chai zilipoenea katika mashamba makubwa. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine hizo katika Kaunti ya Kericho. Jopokazi la kaunti hiyo lilikuwa limekadiria kwamba nafasi 30,000 hivi za kazi zilipotea katika muda wa miaka kumi. Familia iliyopoteza mshahara wa kuchuna chai haiwezi kumudu kupoteza tena akiba yake katika nyuzi.

Chombo na kazi yake

Kosa la kwanza ni kutumia chombo kisichofaa. Sweta ya shule iliyofumwa kwa sindano mbili za mkono huchukua siku kadhaa, na bei yake haiwezi kushindana na ile ya dukani. Sindano za mkono zinafaa zaidi kwa kofia, soksi na nguo za watoto wachanga. Kroshia hufaa kwa vitambaa vya viti na meza, ambavyo havikosekani katika sebule nyingi nchini.

Anayelenga sare za shule anahitaji mashine. Ile inayoendeshwa kwa mkono haitumii umeme, hivyo inaweza kufanya kazi hata kijijini ambako nguvu za umeme hukatika mvua inaponyesha. Kabla ya kuilipia iliyotumika, mnunuzi aitake ifume kipande mbele yake, akague kama sindano zote zinashika uzi, na ahakikishe kwamba vipuri vyake vinapatikana karibu.

Kuujua uzi

Uzi mwingi madukani ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu na haurudi unapofuliwa, lakini pasi ya moto huulegeza usirejee tena, nao huyeyuka ukikaribia moto. Sufu ya kondoo hunyonya unyevu mwingi kabla ya mvaaji kuhisi kulowa, sifa inayofaa sana mahali penye manyunyu. Lakini ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa, hujikunja na kuwa ndogo.

Asiyejua ameuziwa nini achome kipande kifupi cha uzi kwa uangalifu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Aidha, uzi wa oda moja ununuliwe wote kwa pamoja, wenye namba moja ya rangi kwenye lebo. Bluu ya leo na bluu ya mwezi ujao huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana wazi pale mkono unapounganishwa na kifua.

Mfugaji anayetaka kusokota uzi wake mwenyewe akumbuke kwamba kondoo wa Kimasai na Dorper hawafugwi kwa ajili ya sufu. Merino na Corriedale ndio wanaofaa. Kwamba kazi hiyo inawezekana imedhihirishwa na akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, ambao kikundi chao kilianzishwa miaka ya 1970.

Kipande cha majaribio

Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande kidogo, kifue, kikaushe, kisha uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Ukipata 22, upande wa sweta wenye upana wa sentimita 40 utahitaji vitanzi 88. Lakini ikiwa ufumaji wako ni mlegevu na unapata 20 tu, vitanzi hivyo 88 vitatoa sentimita 44. Mbele na nyuma zikiunganishwa, sweta imezidi kwa sentimita nane, na mzazi ataikataa.

Daftari kama la mchuna chai

Mchuna chai hurudi nyumbani akijua kilo alizopima siku hiyo. Mfumaji naye anastahili kujua gramu za uzi na saa alizotumia. Apime uzito wa sweta iliyokamilika. Ikiwa imekula gramu 300, koni ya kilo moja hutoa sweta tatu na kubakisha gramu 100. Anayeweka bei kana kwamba zitatoka nne amejipunja. Kwa gharama ya uzi aongeze nauli, vipuri na ujira wake mwenyewe. Bei isiyo na ujira si biashara.

Msimu na soko

Mwaka wa shule huanza Januari, ilhali bonasi ya wakulima wadogo wanaouzia viwanda kama Litein, Momul na Kapkoros kwa kawaida hulipwa Oktoba. Miezi hiyo mitatu ndiyo ya kununua uzi na kufuma. Baridi ya Juni hadi Agosti huleta wateja wa kofia na shali.

Mafunzo hutolewa katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti, na ujuzi huweza kuthibitishwa kwa mitihani ya NITA. Sheria ya ununuzi wa umma nayo imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa biashara zilizosajiliwa za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wafumaji waliojisajili pamoja wanaweza kuomba zabuni ambayo mmoja wao hangeimudu.

Mashine iliyo chini ya gunia haikushindwa kufuma. Mara nyingi, kilichokosekana ni kipande cha majaribio, mizani na daftari, vitu ambavyo gharama yake haifikii hata ya koni chache za uzi.