KURA NYINGI, VITI VICHACHE: UCHAGUZI WA KWANZA WA JIMBO LA KERALA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama cha Majadiliano, mzungumzaji mmoja alidai kwa nguvu kwamba chama kipatacho kura nyingi ndicho kishindacho uchaguzi, na kwamba jambo hilo halihitaji hoja. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilikuwa upande wa pili, na kwa kuwa dakika 3 nilizopewa hazikutosha, Mhariri ameniruhusu nieleze hapa habari ya uchaguzi mmoja ambao chama kilichoongoza kwa kura kilikwenda kukaa upande wa upinzani. Uchaguzi huo ulifanyika India mwaka 1957, katika jimbo la Kerala, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miezi 4 tu.

Kerala ni ukanda mwembamba wa pwani, kusini-magharibi ya India, wenye minazi upande wa bahari na milima upande wa bara. Wasomaji wanaosoma Historia wanaijua pengine bila kujijua. Vasco da Gama alipopata rubani Malindi mwaka 1498 na kuvuka bahari, alifika Calicut. Na mji wa Calicut umo katika Kerala.

Kabla ya uhuru wa India mwaka 1947, watu wasemao Kimalayalam walikuwa chini ya tawala tatu. Travancore na Cochin zilikuwa na wafalme wao, na Malabar ilikuwa sehemu ya Madras iliyotawaliwa na Waingereza. Mwaka 1949 Travancore na Cochin ziliunganishwa. Kisha mwaka 1956 Bunge la India lilipitisha sheria ya kupanga upya majimbo, hasa kwa kufuata lugha za watu, na tarehe 1 Novemba mwaka huo Kerala ikazaliwa. Malabar na Kasaragod ziliongezwa upande wa kaskazini, na wilaya ndogo za kusini ambako watu wengi husema Kitamil zikapewa Madras. Msomaji asidhani kwamba huko kuchora mipaka ni kazi ya karani tu. Malabar ya kaskazini ilikuwa na wafuasi wengi wa Chama cha Kikomunisti, na mipaka mipya iliwatia wote ndani ya jimbo moja na wenzao wa kusini.

Jimbo lilizaliwa bila ya serikali ya kuchaguliwa, maana Travancore-Cochin ilikuwa chini ya utawala wa Rais wa India tangu Machi 1956. Basi watu walikuwa wakiingoja siku ya kura kwa hamu. Walipiga kura kuanzia tarehe 28 Februari hata tarehe 11 Machi 1957, kwa zamu, mahali baada ya mahali. Wenye haki walikuwa watu wote waliotimiza miaka 21, wake kwa waume, tajiri na maskini. (Siku hizi India ni miaka 18, tangu mwaka 1989.) Waliojiandikisha walipita milioni 7, na kadiri ya theluthi mbili yao walifika vituoni.

Namna ya kupiga kura ilinivutia sana, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwaka 1951, katika India nzima, waliojua kusoma hawakufika mtu mmoja katika kila watano. Kerala ilikuwa mbele mno, zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini hata huko wasiojua kusoma walikuwa wengi. Sasa mtu asiyeweza kusoma majina atachaguaje kwa siri? Jawabu lilikuwa masanduku. Kila mgombea alikuwa na sanduku lake, na juu yake ilibandikwa picha ya alama: ng'ombe wawili wenye nira kwa Congress, masuke na mundu kwa Makomunisti, kibanda kwa chama cha Kisoshalisti kiitwacho PSP. Mpiga kura alitiwa wino usiofutika kidoleni, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia na kuitumbukiza katika sanduku alilolipenda. Hakuandika chochote.

Mpango huu ulibuniwa wakati wa Sukumar Sen, Kamishna Mkuu wa kwanza wa Uchaguzi wa India, ambaye mwaka 1953 aliitwa Sudan kusimamia uchaguzi wa huko. Ulikuwa mpango mzuri, ila ulikuwa na tundu moja. Kwa kuwa nyuma ya pazia hapakuwa na mtu, mjanja aliweza kuificha karatasi mfukoni, akatoka nayo na kumwuzia mwingine. Ndiyo sababu mwaka 1960 Kerala ilipewa karatasi ya kutia alama, yenye picha zote, na sanduku likawa moja.

Sasa tuje kwenye hesabu. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 126 vya kuchaguliwa. Sehemu za uchaguzi zilikuwa 114: sehemu 102 zilitoa mjumbe mmoja mmoja, na 12 zilitoa wajumbe wawili wawili. Katika hizo za wawili, kiti kimoja kiliwekwa akiba kwa ajili ya watu ambao zamani tabaka za juu ziliwaita wasioguswa, au kwa ajili ya makabila ya milimani. Mpiga kura wa huko alikuwa na kura mbili.

Masanduku yalipofunguliwa, Congress ilikuwa imepata kura 38 hivi katika kila 100, na Makomunisti 35. Tofauti ilikuwa kadiri ya kura laki moja na nusu. Lakini viti! Makomunisti 60, Congress 43, PSP 9, na viti 14 vilivyobaki vikaenda kwa wagombea wasio na chama. 5 kati yao walisimama kwa msaada wa Makomunisti, na 8 walikuwa watu wa Muslim League.

Aliyenipinga siku ile aliniambia kwamba bila shaka pana wizi. Hapana. Tuseme shule ina mabweni 5, kila bweni lina wanafunzi 40, na kila bweni linachagua mjumbe mmoja kati ya chama cha Juma na chama cha Ali. Bweni la kwanza na la pili wanampenda Juma kupita kiasi: 38 kwa 2, mara mbili. Katika mabweni 3 yaliyobaki Ali anashinda kwa shida, 22 kwa 18. Jumlisha mwenyewe. Juma ana kura 130, Ali ana 70. Lakini Ali ana wajumbe 3 na Juma ana 2. Hakuna aliyeibiwa hata kura moja. Kura zilizozidi katika mabweni mawili ya Juma hazikumfaa kitu.

Kerala hesabu haikuwa kali namna hiyo, lakini njia ni ile ile. Congress ilisimamisha wagombea 124, karibu kila mahali, ikaokota kura kila mahali, hata pale ambapo haikuwa na tumaini. Makomunisti walisimamisha 101, na mahali pengine wakawaunga mkono watu wasio na chama. Tena wapinzani wao hawakuungana. Congress, PSP na Muslim League waligawana kura za watu wasioutaka Ukomunisti, na mwenye theluthi ya kura akapita katikati yao. Kwa maoni yangu kosa la Congress lilikuwa hapo hasa. Waliona wingi wao wakasahau kuuliza umekaa wapi.

Viti 60 na vile 5 vya marafiki hufanya 65, dhidi ya 61. Na Spika alipotolewa upande wa serikali, wakabaki 64. Kwa wingi huo mwembamba, tarehe 5 Aprili 1957, E. M. S. Namboodiripad aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa jimbo, pamoja na mawaziri 10. Vitabu vingine husema kwamba hii ndiyo serikali ya kwanza ya Kikomunisti duniani iliyoingia kwa kura. Hiyo ni kusahau San Marino, nchi ndogo sana iliyozungukwa na Italia, ambako Makomunisti na wenzao walishinda mwaka 1945. Lakini kwa mahali penye watu mamilioni, ni kweli.

Je, wapiga kura walipata nini? Namboodiripad mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa Kibrahmani wenye mashamba, na bado siku chache tu baada ya kuapa serikali yake ilitoa amri ya kukataza wapangaji kufukuzwa mashambani. Fikiri mtu aliyelima ardhi ya mwingine tangu enzi za babu yake, ambaye angeweza kuondolewa wakati wowote. Kwa mtu huyo ile karatasi aliyoitumbukiza sandukuni ilikuwa na maana kubwa. Waziri aliyeshughulikia mambo ya ardhi alikuwa mwanamke, K. R. Gouri, aliyeishi hata mwaka 2021 akafa akiwa na umri wa miaka 101.

Walimu wetu watapenda kusikia habari ya waziri wa elimu, Joseph Mundassery, ambaye naye alikuwa mwalimu. Shule nyingi za Kerala zilikuwa mikononi mwa makanisa na vyama vya watu binafsi, wakilipwa msaada na serikali. Muswada wake ulitaka walimu walipwe mshahara moja kwa moja na serikali, na wenye shule wasiajiri na kufukuza wapendavyo. Wenye shule wakakasirika, na hasira yao ikaungana na ya wenye mashamba. Rais aliupeleka muswada mahakamani Delhi utazamwe kama unapatana na Katiba. Ukarekebishwa, ukawa sheria. Lakini mwaka 1959 shule zilifungwa, watu wakajaa barabarani, polisi wakapiga risasi na watu wakafa, wakiwamo wale wa Angamaly mwezi wa Juni. Tarehe 31 Julai 1959 serikali ya Delhi, Jawaharlal Nehru akiwa Waziri Mkuu, iliiondoa serikali ya Kerala ijapokuwa ilikuwa bado ina wingi wake barazani.

Wengine husema Delhi ilizuia umwagaji wa damu. Mimi naona kwamba wingi wa barazani ungejaribiwa barazani, na mwaka 1994 Mahakama ya juu kabisa ya India, katika kesi nyingine, ilisema karibu hayo hayo.

Uchaguzi ulirudiwa Februari 1960. Safari hii wapinzani walikuwa wamekwisha jifunza hesabu: Congress, PSP na Muslim League waligawana sehemu za uchaguzi ili wasipingane, na watu zaidi ya 80 katika kila 100 wakaenda kupiga kura. Makomunisti walipata kura 39 katika 100, yaani nyingi kuliko zile za 1957, nyingi pia kuliko za Congress peke yake. Viti vyao vikawa 29. Congress walipata 63, lakini aliyekuwa Waziri Mkuu ni Pattom Thanu Pillai wa PSP, chama chenye viti 20, kwa kuwa ndivyo wenzi walivyopatana.

Namboodiripad alikaa upande wa upinzani. Mwaka 1967 akarudi katika kiti kile kile, na mara hii chama chake kilikuwa kimeungana na vyama vingine 6 kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa.