Kigango si Gogo, ni Deni la Marehemu

Mauti ni mgeni asiyebisha hodi, naye huingia nyumba zote. Tofauti huonekana katika yale wafanyayo wafiwa baada yake. Sisi Waislamu wa pwani twayajua yetu: maiti huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na kuzikwa upesi. Kisha hukaliwa matanga, hitima husomwa, na mjane huingia edani. Lakini je, msomaji, twayajua ya jirani zetu Wagiriama, tunaokutana nao kila siku sokoni na njiani?

Wagiriama ni mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda. Wengi wao leo ni Wakristo, na wengine ni ndugu zetu katika Uislamu. Hata hivyo wangaliko wanaoshika dini ya wazee wao. Hao humwita Mwenyezi Mungu kwa jina la Mulungu, nao huamini kwamba wafu wao, waitwao koma, hawakwenda mbali na mji walioujenga.

HANGA BICHI NA HANGA MBIVU

Mgiriama akifa watu hukusanyika katika hanga, neno ambalo ni ndugu wa matanga yetu. Hanga zenyewe ni mbili. Ya kwanza huitwa hanga itsi, maana yake hanga bichi, nayo huwekwa wakati wa maziko, uchungu ungali mpya. Ya pili ni hanga ivu, yaani hanga mbivu, ambayo hufanywa baadaye ili kuumaliza msiba.

Majina hayo yana maana kubwa. Wazee wale waliona kwamba huzuni ni kama tunda: ina siku zake, na haifai kuchumwa kabla ya kuiva. Mfiwa hakuambiwa anyamaze upesi, wala hakuachwa alie maisha yake yote.

MAREHEMU ANAPODAI

Lakini kwa baadhi ya wafu hanga ivu haikuwa mwisho. Mzee aliyekuwa mmoja wa Gohu, chama cha wazee wenye cheo na mali, alistahili kuchongewa kigango. Mtu wa kawaida alisimamishiwa kijiti kidogo tu, nacho huitwa koma vilevile.

Kigango hakichongwi siku ya kifo. Pengine miaka hupita. Kisha jamaa mmoja huota ndoto, akamwona marehemu akilalamika kwamba amesahauliwa. Au mtoto huugua ugonjwa usiopona, au mambo ya nyumbani huharibika bila sababu. Huendewa mganga, naye akasema: baba yenu anadai.

Hapo hutafutwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Fundi huuchonga uwe mfano wa mtu: kichwa juu, na kiwiliwili chembamba kisicho na mikono, kilichotiwa nakshi za pembetatu. Vingine hupita urefu wa mtu. Kigango hupandwa mjini kwa wafiwa, si juu ya kaburi. Hufungwa vitambaa, na mbele yake hutolewa chakula na kumiminwa tembo la mnazi, na marehemu huitwa kwa jina lake.

Kikisha kupandwa, hakiondolewi tena. Jamaa wakihamia shamba jingine, kigango hubaki palepale hata kioze na kuanguka chenyewe.

DAWA YA DENI

Msomaji Mwislamu atasema, na atasema kweli, kwamba kumwomba mfu na kumtolea sadaka ya tembo ni shirki. Katika hilo hatuna la kuficha. Lakini chini ya mila hiyo lipo jambo tusilopaswa kuliona geni, nalo ni deni. Sheria yetu haiwaruhusu warithi kugawana mali kabla ya kulipa madeni ya marehemu na kutimiza wasia wake. Mgiriama wa kale naye aliamini kwamba kifo hakifuti haki ya mtu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kigango kilikuwa malipo.

WIZI

Katika miaka ya 1970 na 1980 watalii na wafanyabiashara wa vinyago walivitamani vigango. Kwa kuwa vingi vilisimama katika mahame, wezi walidai kwamba vimetupwa. Viling'olewa usiku, vikauzwa katika maduka ya miji ya kitalii, vikavushwa bahari hadi Ulaya na Marekani.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda si muda vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 kimojawapo kilitambuliwa katika picha ya vitu vya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Kimoja kilirudishwa Kenya mwaka 2006, kingine mwaka 2007. Lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Alikufa akijua kwamba ndugu zake wameibwa.

HAKI YA JIRANI

Wapo watakaosema: kuna dhambi gani kung'oa sanamu ya kafiri? Na wajiulize kwanza: aliyeng'oa alitaka kuvunja shirki, au alitaka fedha? Wizi ni wizi, hata mali ikiwa ya asiyekuwa wa dini yetu. Isitoshe, Sura ya Al-An'am, aya ya 108, inatukataza kuwatukana wale waabudiwao na wengine. Na katika hadithi sahihi twasoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliliinukia jeneza la Myahudi lililokuwa likipita, akawakumbusha masahaba kwamba hiyo nayo ilikuwa nafsi. Kuiheshimu huzuni ya jirani si kuifuata imani yake.

Mwaka 2014 makumbusho ya mji wa Denver, Marekani, yalikubali kuvirudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Lakini waliovinunua hawakuuliza vimetoka mji gani, wala ni vya nani. Hivyo vimerudi nchini bila kurudi nyumbani. Kila kimoja kilichongwa kwa ajili ya baba wa watu, mwenye jina, watoto na wajukuu, nao pengine wangali wanakitafuta. Deni lipo, na mdai yupo. Walichoiba wale wezi ni jina lake.